Buibui Aliyeacha Kutega

Usiku ukishatulia, jiko la nyumba ya pwani hubadili wenyewe. Mende hutoka chini ya sinki na nyuma ya jokofu, mjusi kafiri husogea karibu na taa ya ukumbini, na juu ya mlango wa stoo, pale ukuta unapokutana na dari, hujitokeza kiumbe ambaye watu wengi hawamwoni mpaka wawashe taa ghafla. Ni buibui wa rangi ya kahawia, bapa, miguu yake minane imetandazwa ukutani kwa upana wa kisahani cha chai. Hatikisiki. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu bila kusogeza hata ncha ya mguu.

Mende anakatiza. Hajaguswa bado, lakini buibui ameshageuka upande wake. Kinachofuata ni cha haraka mno kwa jicho: buibui yupo, kisha hayupo, na pale chini mende amekumbatiwa na miguu yote, meno mawili ya sumu yamezama mwilini mwake. Anapigapiga miguu kidogo, halafu analegea. Buibui anapanda tena ukutani na mzigo wake mdomoni, hata juu ya vigae laini, na kuanza kula taratibu. Hawezi kumeza vipande. Humwagia windo maji ya kuyeyushia chakula, hulisaga, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Asubuhi mwenye nyumba atakuta sakafuni kidonge kikavu cha mbawa na magamba, na atakifagia pamoja na takataka nyingine bila kujua kilichopita.

Huyu ni Heteropoda venatoria, mmoja wa buibui wawindaji wa familia ya Sparassidae. Familia hiyo ina spishi zaidi ya 1,400 zilizokwisha kupewa majina, nyingi zikiwa za nchi za joto, kuanzia misitu ya Asia na Madagaska hadi majangwa ya Namibia na Moroko. Wanatofautiana kwa ukubwa, rangi na tabia, lakini karibu wote wanashirikiana katika jambo moja: hawatandi utando wa kunasia wadudu. Buibui aliyezoeleka katika mawazo ya watu ni fundi wa nyavu anayekaa katikati ya kazi yake akisubiri. Huyu ameacha nyavu, anaishi kwa miguu yake. Ukilielewa hilo, mambo yake mengine, hata yale ya ajabu, huanza kuingia akilini.

Pengine ndiyo sababu pia hapati huruma. Waislamu wa pwani wanakijua kisa cha pango la Thaur, buibui alipotanda utando mlangoni na waliokuwa wakimsaka Mtume wakapita wakidhani hapana mtu ndani. Wapo wazee ambao kwa ajili ya kisa hicho hawaruhusu buibui auawe nyumbani mwao. Lakini huruma hiyo humwendea zaidi yule mdogo wa pembeni mwa dirisha, mwenye utando unaoonekana. Huyu wa kukimbia ukutani, mkubwa, mwenye nywele, hupigwa kandambili kabla hajatajwa jina la Mungu.

Mwanasayansi wa Uswidi, Carl Linnaeus, ndiye aliyempa maelezo ya kisayansi mwaka 1767. Asili yake ni Asia ya joto, lakini leo yuko karibu kila nchi ya joto iliyo na bandari: visiwa vya Karibea, Brazili, Florida, Hawaii, Madagaska, na mwambao wa Afrika Mashariki. Hakuruka wala kuogelea. Alisafirishwa katika shehena, chini ya magome ya magogo na ndani ya mikungu ya ndizi, na kwa sababu hiyo Wamarekani wengine humwita buibui wa ndizi. Katika nchi za baridi hufika vilevile na matunda, ila hawezi kujenga maisha huko isipokuwa ndani ya nyumba za vioo zinazopashwa moto. Akikosa joto anakwisha. Kwenye nyumba ya pwani yenye mende wa kutosha na nyufa za kujificha mchana, hana anachokosa.

Nyufa ni jambo la kutazama kwa karibu. Ukimwangalia buibui wa utando, magoti yake yameinuka juu ya mgongo. Ya mwindaji yamelazwa. Miguu yake imejipinda tangu inapotoka mwilini, hivi kwamba ule upande ambao kwa buibui wengine hutazama mbele, kwake umetazama juu, na miguu yote minane hukunjuka sambamba na ukuta. Matokeo yake ni mawili. Anakwenda kwa ubavu kwa urahisi uleule wa kwenda mbele, jambo linalomfadhaisha kila anayemfukuza kwa fagio. Tena anaweza kujipenyeza katika mwanya ambao mtu hangedhani ungemtosha: nyuma ya fremu ya picha, chini ya gome la mti, katikati ya makuti na pau, ndani ya kivuli cha jua cha gari. Huko Australia, ambako jamaa zake ni wengi na wakubwa, zimekuwapo taarifa za madereva walioacha njia kwa sababu buibui alijitokeza mbele ya uso wao gari likiwa mwendoni. Ajali zenyewe hazikuletwa na sumu.

Nyayo zake nazo zina siri. Ncha ya kila mguu ina kucha mbili na kishungi cha nywele fupi zilizosongamana, na kila unywele umegawanyika katika vijincha vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vijincha hivyo hugusana na ukuta kwa wingi kiasi kwamba mshiko wake, mmoja mmoja usio na nguvu, kwa pamoja unambeba buibui na windo lake juu ya kioo. Hakuna gundi. Ndiyo maana hutamkuta kanasa mahali, wala haachi alama.

Kuhusu mbio, mwili wa buibui umefuata njia yake peke yake. Baadhi ya viungo vya miguu havina misuli ya kunyoosha. Kukunja kuna misuli, kunyoosha hakuna. Anapotaka kunyoosha mguu, buibui husukuma damu kwa shinikizo kutoka kifuani, na mguu hutanuka kwa nguvu ya maji hayo. Damu yenyewe si nyekundu. Hubeba hewa kwa hemosianini, kemikali yenye shaba, na ikipata hewa huwa na rangi ya samawati. Akifa, shinikizo hutoweka, misuli ya kukunja hubaki bila mpinzani, na miguu yote hujikunja tumboni. Kila mtu ameshamwona buibui mfu katika hali hiyo, nyuma ya kabati. Mfumo huu unampa mruko mkali lakini haumpi pumzi. Mbio zake ni za sekunde chache, kisha huchoka na kulazimika kutulia. Anayemwona akikimbia ukutani kisha akisimama ghafla anaweza kufikiri kwamba anapanga ubaya. Mara nyingi ameishiwa.

Macho anayo manane, katika safu mbili za manne manne, lakini gizani hategemei macho peke yake. Miguuni ana nywele ndefu nyembamba zinazohisi hata mpapatiko wa mbawa za nondo, na katika ngozi ngumu ya miguu yake mna vipasuko vidogo vinavyopokea mtikisiko wa kitu anachokikanyaga. Buibui wa utando husoma habari kupitia nyuzi alizozifuma. Mwindaji husoma ukuta, ubao na jani.

Dume la Heteropoda venatoria limepata njia ya kuutumia ukuta huohuo kutuma habari. Katika utando, dume la spishi nyingine huchezesha nyuzi ili jike lijue kwamba anayekuja ni mchumba, si nzi. Hapa hakuna nyuzi. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani Jerome Rovner alieleza jinsi dume hili linavyofanya: hushikilia ardhi kwa vishungi vya nyayo zake na kutikisa mwili na miguu kwa kasi, mtikisiko ukashuka hadi chini na kusambaa. Unatoa mvumo ambao hata sikio la mtu huweza kuunasa. Kabla ya hapo wataalamu walijua njia mbili za buibui kutoa sauti: kusugua kiungo kwa kiungo na kupiga ngoma chini. Hii ilikuwa ya tatu. Tukumbuke kwamba buibui hana masikio, na kwamba wimbo huu wote hupokelewa kwa miguu.

Hariri lakini hajaiacha. Bado anaburuta uzi nyuma yake anapotembea, hujining'iniza kwa uzi wakati wa kujivua ngozi, na jike huitumia kwa jambo kubwa kuliko yote. Akiwa tayari kutaga, hufuma kifuko bapa cha duara, cheupe, mayai yakiwa ndani kwa mamia, na hukibeba chini ya kifua chake akikishikilia kwa vipapasio vilivyo karibu na mdomo. Hukibeba kwa wiki kadhaa. Katika muda huo hula kidogo sana au hali kabisa, maana hawezi kuwinda vizuri akiwa na mzigo kifuani. Anayekuta stooni buibui mkubwa amekumbatia kidonge cheupe asidhani ni chakula alichoiba. Watoto wakitoka, wamepauka na wadogo kama mbegu za ufuta, hutawanyika baada ya siku chache, kila mmoja na ukuta wake. Wengi hawafiki mbali. Mjusi kafiri huwala, na wao kwa wao pia hawaoneani haya. Atakayenusurika atajivua ngozi mara kadhaa, na ikiwa alipoteza mguu njiani, mguu mpya utachomoza katika moja ya majivuo hayo, kwanza mfupi, baadaye wa kawaida. Jike huweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu, muda mrefu kuliko dume.

Ndugu zake wa Afrika Kusini wanafanya mambo makubwa zaidi. Buibui wa jenasi ya Palystes, ambao watu wa huko huwaita buibui wa mvua kwa sababu huingia majumbani mvua ikikaribia, hawabebi mayai. Jike hukusanya majani na vijiti, huvishona kwa hariri, na kupata mfuko wa mviringo wenye upana wa kati ya sentimita 6 na 10, uliotundikwa kichakani. Kisha hukaa juu yake na kuulinda kwa wiki tatu hivi, mpaka watoto watoboe na kutoka. Kwa wakati huo haogopi mtu. Akisumbuliwa huinua miguu ya mbele na kuonyesha mistari ya manjano na nyeusi iliyofichika chini yake, na mkulima wa bustani anayeendelea kupogoa matawi baada ya onyo hilo hujitafutia mwenyewe.

Adui yake mkubwa hajali mistari. Ni nyigu mwekundu, Tachypompilus ignitus, anayemwinda Palystes peke yake na humpata. Humchoma mwiba na kumpoozesha bila kumuua, kisha huanza kumburuta buibui mzito kuliko yeye, mara nyingine akipandisha ukuta mzima wa nyumba, mpaka kwenye tundu. Hapo hutaga yai moja juu ya mwili wake. Funza akianguliwa hukuta nyama ambayo bado hai. Watu wa Cape Town wamepiga picha nyingi za msafara huo, nyigu akitangulia kinyumenyume na buibui akifuata kwa mgongo, na ni mojawapo ya mambo machache yanayomfanya hata anayemchukia buibui amwonee huruma.

Nyigu wa aina hiyo ndio walioleta sarakasi katika jangwa la Namib. Huko huishi Carparachne aureoflava, buibui wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita 2, anayechimba shimo refu ndani ya mchanga wa matuta na kulitia bitana ya hariri lisibomoke. Shimo lenyewe lina urefu wa nusu mita hivi, na ili kulipata hulazimika kuhamisha hadi lita 10 za mchanga. Nyigu akilifukua, buibui hatoki kukimbia kwa miguu, maana juu ya mchanga laini nyigu atamshika. Hujirusha pembeni, hukunja miguu, na kubingirika mteremkoni. Watafiti wa kituo cha Gobabeb nchini Namibia wamepima mizunguko inayofikia 44 kwa sekunde moja na mwendo wa takriban mita moja kwa sekunde. Hila hii ina kasoro moja iliyo wazi: inahitaji mteremko. Buibui aliyejenga mahali tambarare hana pa kubingirikia, kwa hiyo kuchagua kiwanja ni suala la uhai.

Kasoro hiyo haimsumbui ndugu yake wa Moroko. Katika matuta ya Erg Chebbi, profesa wa Ujerumani Ingo Rechenberg, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin na kutafuta ubunifu wa mitambo kwa kuiga viumbe, alikutana na buibui anayejipindua. Hategemei mteremko. Hukimbia hatua chache, kisha hujirusha kwa miguu, anapinduka hewani, anatua kwa miguu na kujirusha tena, mzunguko baada ya mzunguko, hata akiwa anapanda. Kwa kufanya hivyo hufikia mita 2 kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wake wa kukimbia. Mwaka 2014 mtaalamu wa buibui Peter Jäger, wa taasisi ya Senckenberg mjini Frankfurt, alimtambulisha rasmi kwa jina la Cebrennus rechenbergi, na Rechenberg akatengeneza roboti dogo linaloiga mwendo huo. Kwa buibui mwenyewe hii ni njia ya mwisho. Uchovu unaweza kumuua akirudia mara nyingi, hivyo hujipindua tu pale maisha yanapokuwa hatarini.

Namib ina mwingine anayestahili kutajwa, ingawa yeye si wa sarakasi. Dume la Leucorchestris arenicola, buibui mweupe mkubwa wa usiku, hutoka shimoni kwake lenye kifuniko na kwenda kutafuta majike. Akikaribia shimo la jike hupiga mchanga kwa miguu. Safari yake huwa ya makumi au hata mamia ya mita juu ya mchanga usio na njia wala mti, gizani, na kabla ya kukucha anarudi kwenye kifuniko kilekile ambacho hakizidi sarafu chache kwa upana. Watafiti waliofunika macho ya baadhi yao kwa rangi waligundua kwamba hao hupotea. Kumbe macho yale manane, ambayo katika jiko la pwani huonekana kama pambo, huweza kusoma ramani ya usiku.

Si wote waliochagua upweke. Delena cancerides wa Australia, buibui bapa kuliko wengi wa familia yake, huishi chini ya magome ya migunga iliyokauka, na chini ya gome moja unaweza kukuta makumi ya wakazi, mara nyingine hadi 300. Si kijiji cha majirani. Ni ukoo: mama mmoja aliyekomaa na watoto wake wa matumbo kadhaa. Linda Rayor wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ametumia miaka mingi kuwafuatilia. Watoto hubaki na mama hadi karibu mwaka mmoja, na wadogo hufaidika kwa kuwa wakubwa huleta windo ambalo mdogo hangeliweza, na hula pamoja. Katika kundi la wanyama ambamo ndugu kumla ndugu ni jambo la kawaida, huo ni ustaarabu wa kushangaza. Buibui hao hao walifika New Zealand miaka ya 1920, inaaminika pamoja na mbao kutoka Australia, wakakaa katika kitongoji cha Avondale mjini Auckland na hawakusambaa sana kutoka hapo. Watengenezaji wa filamu ya Hollywood ya mwaka 1990, Arachnophobia, walipotafuta buibui wa kutisha watazamaji bila kuhatarisha waigizaji, walichukua mamia yao. Wenye uso wa kutisha na tabia ya upole ndio hasa waliotakiwa.

Hapo ndipo swali la sumu linapokuja, na jibu lake si refu. Sumu anayo, kwa sababu bila hiyo mende angemkimbia mikononi. Kwa mtu, utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2003, ambao buibui waliouma walikamatwa na kutambuliwa spishi, ulionyesha maumivu ya muda mfupi, uvimbe na wekundu mahali palipoumwa, pengine damu kidogo kwa sababu meno ni makubwa. Osha kwa maji na sabuni, weka barafu. Anayepata dalili zisizo za kawaida, kama kukosa pumzi, aende hospitali kama ambavyo angefanya akichomwa na nyuki. Buibui wanaofahamika duniani kwa sumu kali, wa jenasi ya Latrodectus, ni wa upande ule mwingine: wana utando, hawakimbii ukutani, na kwa mtu asiyejua huonekana wapole. Dawa ya kupulizia haibagui kati yao. Huua mwindaji pamoja na mende, ila mende wana wajukuu wengi zaidi wa kuwarithi, na wiki chache baadaye jiko ni lao peke yao.

Mdomo wa mwindaji, hata hivyo, haukomei kwa wadudu. Huko India, kwenye banda moja karibu na Kolkata, Heteropoda venatoria alionekana akimla popo mdogo, na tukio hilo limo katika orodha ya kimataifa ya buibui wala popo iliyochapishwa mwaka 2013. Mwaka 2016 video kutoka Queensland ilizunguka dunia ikimwonyesha mwindaji akipandisha panya juu ya jokofu kwa mdomo. Mwaka 2019 zilifuata picha kutoka Tasmania, safari hii windo likiwa mnyama mdogo mwenye kubeba mtoto mfukoni, jamii ya posamu. Haya ni matukio ya nadra, na yalipata umaarufu kwa sababu hiyo. Yanachoonyesha ni kwamba mwindaji asiye na wavu hapimi windo kwa ukubwa wa matundu ya wavu. Hupima kwa kile ambacho miguu yake inaweza kukishikilia.

Miguu hiyo ina mpaka wake wa juu, nao uko Laos. Mwaka 2001 Jäger, yuleyule wa Frankfurt, alimweleza Heteropoda maxima wa mapango ya huko: mwili wa sentimita 4.6, na miguu ikinyooshwa kutoka ncha hadi ncha, sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi. Hakuna buibui anayejulikana kumzidi kwa upana wa miguu, ingawa wapo wazito kuliko yeye. Miaka 11 baadaye alileta mwingine wa mapango ya nchi hiyohiyo, Sinopoda scurion, ambaye hana jicho hata moja. Karibu wawindaji wote wa familia hii wana manane; huyu, katika giza lisilo na mchana, ameyapoteza yote na anaendelea kuwinda kwa miguu. Jäger ana mtindo wa kutoa majina ya watu mashuhuri ili dunia isikilize habari za viumbe vinavyotoweka. Buibui wa Malaysia mwenye nywele za rangi ya machungwa alimpa jina la mwanamuziki David Bowie, na mwaka 2020 jenasi nzima ya Madagaska akaiita Thunberga kwa heshima ya mwanaharakati kijana wa Uswidi, Greta Thunberg. Mtu anaweza kuona ni mbwembwe. Lakini magazeti yasiyowahi kuandika neno moja juu ya buibui wa Madagaska yaliandika siku hiyo.

Madagaska hiyohiyo ndiko ilikotoka taarifa inayovuruga kidogo kila kilichosemwa hapa juu ya mwindaji na utando. Katika mashamba ya vanila ya kaskazini mashariki mwa kisiwa, Thio Rosin Fulgence wa Chuo Kikuu cha Antananarivo na wenzake walikuta buibui wa jenasi ya Damastes akimla chura mdogo wa mtini. Kuliko chura mwenyewe, kilichowavutia ni mahali: majani mawili mabichi ya mti ulio hai, yaliyoshonwa kingo kwa kingo kwa hariri, yakaachwa wazi upande mmoja tu. Ndani yake mna kivuli na ubaridi, na nyuma kabisa amejibanza buibui. Walikuta majumba mengine ya aina hiyo yenye buibui ndani yake. Katika makala yao ya mwaka 2021 walipendekeza kwamba huenda ni mtego: chura anayekimbia jua la mchana anaona maficho mazuri, anaingia mwenyewe, na mlango ni mmoja.

Wenyewe waliandika kwa tahadhari, na walifanya vyema, maana chura aliyeliwa mbele ya macho yao alikuwa mmoja. Jani lililokunjwa linaweza kuwa nyumba tu, na chura akawa mgeni aliyekosea mlango. Ili kulithibitisha dai la mtego itabidi mtu akae katika mashamba yale msimu mzima, ahesabu vyura wanaoingia kwenye majani yaliyoshonwa na wanaoingia kwenye yasiyoshonwa, na aone ni wangapi wanatoka.